Julai Mosi ya Baba Yangu

Baba yangu alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka 1972 akiwa na miaka ishirini na saba. Mengi aliyokuja nayo yalimwishia njiani au yalichakaa, lakini tarehe moja haikuchakaa. Kila Julai Mosi, siku ya uhuru wa huko kwao, nyumbani kwetu Busunzu kulikuwa na sikukuu ambayo nyumba nyingine hazikuwa nayo. Mama yangu ni Muha wa Kitahana, na sikukuu ile haikumhusu kwa lolote, ila alipika. Baba alivaa shati jeupe lililopigwa pasi ya mkaa, akakaa uani, akatusimulia mimi na wadogo zangu jinsi alivyosimama, kijana wa miaka kumi na saba, kwenye uwanja wa tarafa huko Ruyigi siku bendera ya Wabelgiji iliposhushwa. Hadithi haikubadilika. Kulikuwa na padri aliyelia, na sisi hatukujua kama alilia kwa furaha au vipi. Kulikuwa na mzee mmoja aliyemshika mkono karani na kumuuliza kama uhuru ukishafika bado watalazimishwa kulima barabara. Hapo majirani walicheka kila mwaka kama wanaisikia mara ya kwanza. Walikuwa wanakunywa urwarwa, pombe ya ndizi aliyoitengeneza baba mwenyewe, kwa hiyo kucheka halikuwa jambo gumu.

Nilipokuwa mdogo niliipenda siku hiyo kwa sababu ya nyama. Nilipofika sekondari nikaanza kuionea haya. Wenzangu walikuwa na Saba Saba na Tisa Desemba. Mimi nilikuwa na hizo pamoja na hii ya ziada, iliyomkumbusha kila mtu kwamba mimi ni mtoto wa mkimbizi.

"Baba," nilimwambia mwaka fulani, "nchi yenyewe ilikufukuza. Unaisherehekea ya nini?"

"Nchi haikunifukuza," alisema. "Warionifukuza ni watu. Nchi iko pare pare."

Baba hakuwahi kuipata herufi l. Mimi nilikuwa najiandaa kuwa mwalimu wa Kiswahili, na hilo nalo liliniudhi. Siku hizi nikikumbuka ni vitu gani viliniudhi wakati ule, najishangaa.

Oktoba 1993 nilikuwa na miezi michache tu kazini, nafundisha shule ya msingi Kibondo mjini. Redio ikatangaza kwamba rais mpya wa Burundi, ambaye watu walikuwa wamempigia kura mwaka huohuo, ameuawa na wanajeshi. Haikupita wiki barabara zote za kuingia Kibondo zikajaa watu waliobeba vyungu, magodoro na wazee. Baba alikuja kwa baiskeli kutoka Busunzu akalala kwangu. Kila asubuhi alikwenda kwenye viwanja vya kanisa na vya shule, akapita katikati ya wale watu akilitaja jina la babu yetu na la kilima chao kwa sauti, kama muuza samaki. Nilimwomba aache. Wanafunzi wangu walikuwa wanamwona.

Siku ya tisa, mwanamume mmoja aliyekuwa amekaa chini kwenye uwanja wa kanisa alisimama akasema kwa Kirundi, "Huyo unayemwita ni baba yangu. Alikufa zamani. Wewe ni nani?"

Alikuwa mdogo wake. Baba alimwacha akiwa na miaka minane, na sasa alikuwa mwanamume mwenye mvi chache, mke, na mtoto wa kike wa mwezi mmoja aliyefungwa mgongoni kwa pazia la dirisha. Baba alimshika uso kwa mikono miwili. Alikuwa ameita kwa siku tisa hata sauti ilikuwa imemkauka.

Baba mdogo na familia yake walikuja kuishi Busunzu. Kwa miezi mingi ilikuwa nyumba ya furaha kuliko nilivyowahi kuiona. Walilima pamoja, wakazibua mfereji pamoja, wakabishana juu ya mambo ya utotoni ambayo mmoja hakuwepo. Baba mdogo alikuwa karani wa tarafa huko kwao, mtu wa mwandiko mzuri na maneno machache. Julai ilipokaribia, baba alianza kujiandaa wiki mbili mapema. Safari hii, alisema, hatasherehekea peke yake.

Siku ilipofika majirani walikuja, nyama ikaliwa, mzee wa barabara akachekwa. Kisha baba akasimama, kama kila mwaka, ili tuimbe wimbo wa taifa wa Burundi. Sisi watoto tulisimama. Majirani, Waha watupu ambao hawakuujua wimbo wenyewe, wakasimama pia. Baba mdogo alibaki kwenye kiti, mtoto mapajani.

"Simama, mdogo wangu."

"Miguu inaniuma, kaka."

"Ni dakika moja tu."

"Nimeusimamia wimbo huo tangu darasa la pili," baba mdogo alisema. Hakupandisha sauti. "Kaka, unajua kazi yangu ilikuwa nini kila Julai Mosi? Nilikuwa naandika majina. Watu waliamshwa kabla ya kupambazuka, wakatembea mpaka tarafani, wakasimama juani mpaka mchana. Mtu wa chama, mwenye kitambaa kilichofungwa mkononi, akiinua mkono, wanapiga makofi. Asiyekuja, mimi naandika. Wiki inayofuata anaitwa kulima barabara. Yule mzee wa hadithi yako aliyeuliza, basi jibu lake ni ndiyo."

Hakuna aliyecheka.

"Na jukwaani kivulini," aliendelea, "walikaa watu tunaowajua. Waliomchukua baba. Mimi niko chini na daftari."

Baba alisema, "Hiyo si sikukuu ya wanajeshi. Ni yetu."

"Ni yako, kaka. Wewe uliondoka ukiwa bado na ile ya kwanza. Mimi nimeipenda mara moja tu, mwaka jana. Hakuna aliyetuamsha. Tulikwenda wenyewe, tukacheza mpaka jukwaa likafunikwa na vumbi. Huyu mama alicheza na mimba yake." Alimtazama mkewe, ambaye alikuwa anaangalia chini. "Hata miezi minne haikufika, wakamuua tuliyemchagua."

Baba aliimba peke yake. Aliimba beti zote, akiwa amesimama wima katika ua wenye watu ishirini, na mimi nilitamani anyamaze na nilitamani baba mdogo asimame, vyote kwa pamoja. Baada ya siku chache baba mdogo alisema atahamia kambini, kwa sababu mtoto anahitaji kuwa karibu na zahanati. Mtoto alikuwa mzima kabisa. Baba alimsaidia kufunga mizigo na wote wawili waliongea juu ya zahanati mpaka wakaagana.

Kambi ilikuwa saa moja kwa baiskeli kutoka Kibondo mjini, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nakwenda na kurudi na salamu. Miaka ya kwanza sikukuu ilikuwepo huko, tena kubwa. Watu waliamini wanarudi kwao msimu unaofuata. Kamati ya kambi ilifagia uwanja, ngoma zikapigwa, watoto wakaimba, na wageni wa mashirika wakakaa kwenye viti vya plastiki wakipiga picha. Baba alihudhuria akarudi Busunzu amechangamka. "Umeona?" aliniambia. "Mdogo wangu ndiye peke yake mwenye kinyongo."

Kisha, katikati ya mwaka 1996, wanajeshi wakachukua nchi kwa mara nyingine, na watu wakaja wengi kuliko mara ya kwanza. Hawa hawakufanana na wale wa 1993. Walikuwa wamekonda, na walikuwa wametembea porini kwa wiki kadhaa. Hawakusema wanarudi lini. Walisimulia nyumba zilizochomwa na vilima vilivyohamishwa watu wote. Kambini, nyumba za udongo zilizoezekwa shitingi, yale maturubai ya plastiki ya msaada, zikafika mpaka mahali ambapo uwanja wa sikukuu ulikuwa. Ukaachwa mraba mdogo mbele ya shule.

Mwaka 1997 mwalimu mkuu wa shule ya kambini, ambaye tulijuana kwenye semina, alinifuata wakati wa likizo ya Juni.

"Mwalimu, nisaidie kwaya. Watoto hawa wanakua hawajui hata wimbo wa taifa lao."

"Wazazi wanataka?"

"Kamati inataka."

Nilipaswa kusikia tofauti ya maneno hayo mawili. Lakini nilikuwa kijana, nilijua kufundisha kuimba, na nilifikiri nikiifanya vizuri baba atafurahi. Nilichukua watoto arobaini. Nilikwenda kila siku kwa wiki tatu, jua la kiangazi likinichoma kichwani, nikawafundisha sauti mbili. Kirundi changu ni cha nyumbani, Kirundi kilichochanganyika na Kiha cha mama, na watoto walinicheka, lakini waliimba vizuri. Kamati ikamwalika baba azungumze, kwa kuwa ni wachache waliobaki waliokuwa wameiona siku yenyewe ya mwaka 1962.

Wiki ya mwisho watoto wakaanza kupungua. Mmoja anaumwa, mwingine ametumwa kuni. Nilidhani ni uvivu nikawagombeza waliobaki. Mpaka mama mmoja akaja mazoezini, akamshika binti yake mkono katikati ya wimbo, akamtoa kwenye mstari.

"Mama, nini tena?" nilimuuliza. "Zimebaki siku tatu."

"Mwalimu, baba yake huyu aliuawa chini ya bendera hiyo mnayoiimbia. Ilikuwa kwenye mlingoti, inapepea. Na waliomuua waliipigia saluti asubuhi."

"Hatuimbii serikali," nilisema. "Tunaimbia nchi." Nilisikia kabisa kwamba hayo ni maneno ya baba.

"Basi imba wewe," alisema, bila hasira. "Wewe uliyezaliwa hapa."

Siku ya Julai Mosi walikuja watoto kumi na mmoja. Benchi za wageni zilikuwa na kamati, walimu, na wazee wachache wa mwaka 1972 waliotoka vijijini kama baba. Pembeni, watu wengi walisimama wamekunja mikono. Hawakuja kusherehekea. Walikuja kuona nani amekuja. Hata kabla ya wimbo kulikuwa na kelele: wengine walisema kama ni siku ya taifa basi iwe ile ya Oktoba, ya kumlilia rais aliyeuawa, wengine wakajibu kwamba hata hiyo ni ya chama. Mwenyekiti wa kamati aliomba utulivu mara tatu.

Wale kumi na mmoja waliimba. Sauti ya pili haikuwa na mtu, wote walioijua walikuwa wamekatazwa kuja. Kisha baba akasimama na shati lake jeupe akaanza: padri, bendera, karani.

"Mzee!" kijana mmoja alipaza sauti kutoka pembeni. "Wewe una shamba Busunzu. Kaa chini!"

Watu wakacheka. Baba alisubiri wamalize, akaendelea pale alipoishia. Kijana akasema tena, "Tuambie ilikuwaje siku uliyokimbia!" Safari hii hawakucheka, walianza kuondoka. Si kwa fujo. Walikuwa wanageuka tu mmojammoja kwenda nyumbani kwao, na baba akawa anasimulia habari za uhuru kwa migongo. Alifika mpaka kwa mzee wa barabara. Alipouliza lile swali la yule mzee, alinyamaza kidogo, kama alivyozoea, ili watu wacheke.

Baba mdogo alikuwa amesimama karibu na ukuta wa darasa. Nilimwona. Alimtazama kaka yake muda wote na hakufungua mdomo.

Nilimfuata baadaye nyumbani kwake nikiwa nimewaka. "Ungeweza kusema neno moja tu! Huyu ni kaka yako!"

"Neno gani, mwanangu?"

"Lolote!"

"Ukipiga makofi siku hii, una chama. Usipopiga, una chama kingine. Ningesimama upande wake, kesho wangeniuliza niko wapi. Nina mke na mtoto hapa. Wewe jioni unapanda baiskeli yako."

Nilirudi mjini nikisukuma baiskeli, baba akitembea kando yangu. Alisema, "Ni njaa. Watu wakiwa na njaa hawasikirizi." Nami, nikiwa nimechoka na jua na wiki tatu za kazi bure, nilimjibu, "Si njaa, baba. Hawaitaki. Hakuna anayeitaka isipokuwa wewe." Tulitembea hivyo mpaka Kibondo. Sijawahi kumwomba radhi kwa maneno hayo, nadhani kwa sababu yalikuwa kweli, na hilo ndilo linalonikera.

Wakati huo hata Busunzu mambo yalikuwa yamegeuka. Watu walisema wakimbizi wanaiba mazao na porini kuna wenye silaha. Jirani yetu mmoja, ambaye alikuwa hakosi Julai Mosi hata moja, aliacha kuja. Mama alipomuuliza kisimani, alisema, "Shemeji, wakati huu si mzuri mtu kuonekana anaimba wimbo wa nchi nyingine." Alikuwa mtu mwema. Alikuwa anaogopa.

Miezi ya mwisho ya mwaka huohuo likaja agizo kwamba wageni wote wanaoishi vijijini bila karatasi wahamie kambini. Baba alikuwa ameishi Busunzu miaka ishirini na mitano. Alikuwa amejenga darasa la shule ya kijiji kwa mikono yake, na alilipa michango yote. Karatasi ya uraia aliwahi kuanza kuifuatilia akaiacha, kwa sababu, alisema, hakuna aliyewahi kumuuliza. Askari walikuja na lori asubuhi, watulivu tu, na orodha. Mama aliwaambia, "Huyu ni mume wangu, na mimi ni wa hapa." Askari mmoja akamjibu, "Mama, wewe hujatajwa." Wakampa baba muda wa kufunga blanketi na sufuria. Mama aliniambia kwamba baba aliwasaidia wazee wengine kupanda lori, kisha akapanda mwenyewe.

Mimi nilipata habari siku mbili baadaye, katikati ya mazoezi ya kwaya ya Uhuru. Wilaya ilikuwa imeichagua shule yetu iimbe Tisa Desemba uwanjani. Nilikwenda ofisi ya wilaya. Karani alinisikiliza vizuri, akaniambia nilete barua ya mtendaji wa kijiji. Nikaenda Busunzu, nikaileta. Akaniambia inahitaji muhuri wa kata. Nikaenda kata, mtendaji amesafiri. Niliporudi na muhuri ilikuwa tarehe nane, saa sita mchana, na ofisi nzima ilikuwa imetoka kupamba uwanja.

"Mwalimu, kesho ni sikukuu," mlinzi aliniambia. "Njoo keshokutwa. Nayo wengine huwa hawaji."

Kesho yake nilisimama mbele ya watoto sitini waliovaa soksi nyeupe, nikainua mikono. Nilikuwa nimemwomba mwalimu mkuu aniondolee kazi hiyo. Alinihurumia, aliniambia kweli kabisa ananihurumia, kisha akasema, "Lakini kwaya ni ya wilaya, mwalimu. Tutaonekanaje?" Watoto waliimba vizuri kuliko wakati wowote. Viongozi walitikisa vichwa kwa kuridhika. Yule karani wangu alikuwa safu ya tatu, akipiga makofi, akanipungia mkono kama rafiki. Niliposikia maneno ya wimbo kuhusu ndugu waliokaribishwa na nchi yenye amani, nilimkumbuka baba yangu akiimba peke yake uani. Nilikuwa nafanya kazi ileile ya baba mdogo na daftari lake. Nilifanya vizuri, na walinipongeza.

Kibali cha kuingia kambini kumwona nilikipata baada ya siku nne. Sikuamini niliyoyaona. Nilimkuta baba nyumbani kwa mdogo wake, amekaa juu ya debe, anamchambulia shemeji yake maharage. Baba mdogo alikuwa amegawa nyumba yake kwa pazia la shitingi na kumpa kaka yake upande wenye dirisha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

Nilianza kumweleza habari za barua na mihuri. Alinikatiza. "Usiwagombeze. Karani ni mtu anayeandika tu." Alimtazama mdogo wake aliposema hivyo, na baba mdogo akacheka, cheko fupi, la kwanza nililolisikia kwake tangu ahame kwetu.

Waliishi hivyo miezi kumi na sita. Sijui walisemezana nini katika muda wote ule. Mama alikuwa anatembea kutoka Busunzu kila baada ya wiki mbili na ndizi, wakati mwingine akirudishwa langoni. Mimi nilipeleka barua nyingine, kisha nyingine. Niliifahamu ofisi ile mpaka nikawa najua siku za kufungwa kwake bila kutazama kalenda: Mapinduzi, Muungano, Mei Mosi, Saba Saba, Nane Nane. Watu wengine walizifurahia siku hizo. Mimi nilizihesabu kama siku ambazo baba yangu hatoki.

Julai Mosi ya mwaka 1998 nilimtembelea kwa makusudi. Nilifikiri atakuwa na huzuni, na moyoni nilitaka awe nayo, ili nimwonee huruma na mambo yaishe. Uwanja mbele ya shule ulikuwa mtupu. Kamati haikutangaza chochote na hakuna aliyeuliza. Watu walikuwa kwenye foleni ya mahindi kama Jumatano yoyote. Baba mdogo, mtu yuleyule aliyekataa kusimama, ndiye aliyesema, "Kaka, leo ni tarehe moja."

"Najua," baba alisema. "Foreni inatembea. Shika gunia."

Alitoka kambini mwanzoni mwa mwaka 1999, kwa sababu mwenyekiti wa kijiji na wazee sita wa Busunzu walikwenda wenyewe wilayani kusema kwamba wanamfahamu. Mmoja wa wale sita alikuwa jirani aliyeogopa wimbo. Barua zangu zote hazikutajwa. Nyumbani alikuta nusu ya shamba la migomba imelimwa na watu wengine waliodhani harudi, ambao mama peke yake hakuweza kuwazuia, na akamaliza mwaka mzima akiidai kwenye baraza la kata kwa upole ulionitia wazimu. Karatasi ya uraia aliiomba safari hii, akaambiwa asubiri. Julai Mosi hakuitaja tena. Nilipomuuliza kwa nini, alisema miguu inamuuma.

Baba mdogo alibaki kambini. Binti yake, yule aliyevuka akiwa na mwezi mmoja, alikuwa amefika darasa la kwanza, na nilipomuuliza nchi yake inaitwaje alinitajia namba ya kijiji chao cha kambini.

Novemba ya mwaka huohuo mwalimu mkuu aliniita tena ofisini. Wilaya imetuchagua, alisema, kwa sababu watu bado wanakumbuka kwaya ya mwaka ule.

"Nitawafundisha," nilimwambia. "Ila siku yenyewe sitasimama mbele yao."

"Kwa nini, mwalimu?"

Nilitaka kumwambia yote, kuanzia padri aliyelia. Nilisema tu kwamba sijisikii vizuri, na aliandika kitu kwenye faili langu. Tisa Desemba nilikaa nyumbani kwangu, dirisha wazi, nasahihisha madaftari ya darasa la tano. Uwanja haukuwa mbali. Nilisikia watoto wakianza juu mno, kwa sauti ambayo wasingeweza kuifikisha mwisho, na mwalimu mwenzangu hakuijua njia ya kuwashusha. Ilikuwa ni kukimbia dakika tano tu mpaka pale. Nilivuta daftari lingine.